Vyombo vya maganda ya miti: kilindo, mzinga, na namna ya kuchuna ganda bila kuumaliza msitu

Pita asubuhi kwenye bomba lolote la maji hapa Baraka utaona bido za njano zimepangwa msururu, kila moja na kamba yake ao alama ya mwenyewe. Bido ndiyo chombo chetu cha leo: maji ni bido, mawese ni bido, petroli ni bido, hata pombe ni bido. Ndani ya nyumba kuna ndoo ya plastiki, gunia la nailoni na sufuria. Mtoto aliyezaliwa katika miaka hii anaweza kufikiri kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani.

Hapana. Kabla ya plastiki na bati, watu wa pande zote mbili za Ziwa Tanganyika walikuwa na vyombo vya udongo, vibuyu, vitunga, na pia vyombo vilivyotengenezwa na maganda ya miti. Hivi vya mwisho ndivyo vinasahauliwa haraka kuliko vyote. Chungu cha udongo kikivunjika, vigae vinabaki ardhini miaka mingi. Chombo cha ganda kikiachwa nje, mchwa wanakimaliza, na hakuna anayejua tena kama kilikuwako.

Katika makala haya tunaeleza ganda la mti ni kitu gani, vyombo gani vilitoka kwake, vinatengenezwa namna gani, na swali ambalo kwetu Fizi ni zito leo: je, ufundi huu unaua msitu, ao unaulinda?

Ganda la mti ni nini?

Watu wa vitabu wanasema gome. Kwetu wengi tunasema ganda. Ni kitu kimoja, lakini ndani yake kuna tabaka zaidi ya moja, na fundi asiyezijua ataharibu kazi na mti pamoja.

Tabaka la nje ni gumu na limekufa. Ndilo linaukinga mti dhidi ya jua, moto na wadudu. Chini yake kuna ganda la ndani, laini, lenye nyuzi na maji. Hapo ndipo chakula ambacho majani yamekitengeneza kinapitia kushuka mpaka kwenye mizizi. Chini zaidi, kati ya ganda na mbao, kuna utando mwembamba sana unaoteleza. Huo ndio unaozaa ganda jipya upande wa nje na mbao mpya upande wa ndani.

Sasa ona. Mtu akichuna ganda kuuzunguka mti wote, kama kuvua mshipi kiunoni, anakata njia ya chakula. Majani yanaweza kubaki mabichi kwa muda, juu maji bado yanapanda kupitia mbao. Lakini mizizi haipati kitu tena. Mizizi inakufa njaa polepole, kisha mti wote unafuata. Ndiyo maana mti uliochunwa leo unaweza kuonekana mzima, na mwaka ujao ukaukuta umekauka umesimama.

Majina na historia

Kiswahili cha zamani kina neno kilindo, wingi wake vilindo. Ni sanduku la mviringo la ganda, lenye kifuniko, la kuwekea nguo, chakula ao vitu vya thamani. Kikubwa chake kinaitwa lindo, wingi malindo. Huko Unyamwezi, ng'ambo ya ziwa, malindo yalikuwa maghala ya nafaka ndani ya nyumba, mengine makubwa kuliko pipa. Mzinga ni jina la chombo cha nyuki, kiwe cha gogo lililotobolewa ao cha ganda lililokunjwa. Na mbugu ni nguo ya ganda lililopondwa.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita njia hiyo ya misafara kutoka pwani na kufika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo walichukua mitumbwi, wakapita Ubwari, wakaelekea Uvira. Burton alidhani Ubwari ni kisiwa. Sisi tunaokaa hapa tunajua kwamba ni rasi, imeshikana na nchi kavu. Hata hivyo ghuba yetu ya Baraka ilibaki na jina lake kwenye ramani: Ghuba ya Burton. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860 alieleza masanduku hayo ya maganda aliyoyaona katika nyumba za Wanyamwezi. Njia hiyohiyo ilivuka mto Malagarasi, ambako wavushaji walitumia mitumbwi myepesi ya maganda.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Ziwa halikuwa ukuta, lilikuwa barabara. Chumvi ya Uvinza, samaki, mawese, vyuma na nguo vilivuka huku na huku. Ufundi nao ulivuka na watu. Na baadaye, vita vya mwaka 1996 vilipoanza, maelfu ya watu wa Fizi walivuka tena kwenda Kigoma, wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu upande wa Kasulu. Waliokaa kule wanaijua mizinga ya maganda ya wafugaji wa nyuki wa Kigoma, imetundikwa juu ya miti kama ngoma zilizolala.

Mti gani unafaa?

Si kila ganda linakubali kukunjwa. Kuna miti ambayo ganda lake linavunjika vipandevipande kama biskuti. Mafundi wa Tanzania magharibi wanapendelea miti ya miombo: myombo wenyewe, mtundu na muba. Ni miti yenye ganda la ndani refu, lenye nyuzi kali zilizoshikana. Nyuzi hizo ndizo kamba ambazo watu wanafungia kuni, miti ya nyumba na mizigo.

Miombo ni pori la miti iliyoachana kidogo, yenye nyasi chini, linalomwaga majani wakati wa kiangazi. Linaenea kutoka Tanzania magharibi mpaka Zambia, Katanga na Angola. Upande wetu, mtu akishuka kusini mwa Fizi kuelekea Kalemie anaingia polepole katika pori la namna hiyo. Akipanda milima ya Itombwe anakutana na msitu mwingine kabisa, wa mvua na baridi, wenye miti mingine.

Fundi anachagua mti ulionyooka, usio na matawi ya chini, usio na kovu wala tundu. Anaupima kwa mikono, juu unene wa mti ndio utakuwa unene wa chombo. Mti mwembamba unatoa chombo cha asali. Mti mnene unatoa ghala.

Namna ya kutengeneza kilindo

Kazi inaanza wakati wa mvua. Wakati huo mti umejaa maji na ule utando wa ndani unateleza, kwa hiyo ganda linatoka zima. Wakati wa kiangazi ganda linashika mbao, na ukilivuta linapasuka.

Vyombo vya kazi ni vichache: shoka dogo, panga ao kisu kikali, kabari ya mti, na kitu chenye ncha cha kutobolea.

Kwanza, fundi anakata mzunguko mmoja juu na mwingine chini. Umbali kati yake ndio kimo cha chombo. Kisha anakata mstari mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini.

Pili, anaingiza kabari kwenye ule mstari na kuinua ganda pole pole, huku anagonga nje kwa mpini wa shoka ili liachane na mbao. Hapa ndipo fundi anajulikana. Mwenye haraka analipasua. Mwenye subira analitoa zima kama mtu anavyovua ngozi ya mbuzi.

Tatu, anakwangua lile tabaka la nje lililo gumu, anabaki na la ndani lenye nyuzi. Kama ganda limejikunja vibaya, analipitisha juu ya moto mdogo. Moto unalilainisha na kuua wadudu.

Ine, yaani hatua ya nne, anakunja ganda kuwa duara, ncha moja inapanda juu ya nyingine kwa upana wa vidole kadhaa. Anatoboa matundu na kushona kwa ukanda wa nyuzi za ganda lilelile. Ukanda uwe bado mbichi. Ukikauka unajikaza, na mshono unabana kuliko siku uliposhonwa.

Tano, anaweka kitako. Kwa chombo kidogo kinaweza kuwa kipande cha ganda kilichokatwa duara na kushonwa, ao kibao cha mti. Kifuniko kinatengenezwa namna hiyohiyo, lakini mzunguko wake unazidi kidogo ili ukae juu ya mdomo wa chombo.

Mwisho, chombo kinakaushwa kivulini, si juani, kusudi kisipinde. Lindo la nafaka linawekwa juu ya mawe ao vijiti ili lisiguse chini, na mianya inazibwa kwa udongo.

Chombo cha namna hii kinafaa vitu vikavu. Hakipitishi mwanga, ni chepesi, kikianguka hakivunjiki, na kinapumua kidogo. Adui zake ni watatu: maji ya kudumu, mchwa na panya.

Mzinga wa ganda

Mzinga ni ndugu yake kilindo, lakini umelala. Ganda la urefu wa mita moja hivi, mpaka moja na nusu, linakunjwa tena kuwa bomba. Ncha zake zinabanwa kwa vijiti vilivyochongwa ao zinashonwa. Sehemu mbili za mwisho zinafungwa kwa nyasi zilizosukwa ao vipande vya mti, na upande mmoja unaachwa tundu dogo la nyuki kupita. Halafu mzinga unatundikwa juu ya mti, mbali na moto wa nyasi na wanyama.

Mzinga huu hauna gharama ya misumari, mbao wala seremala. Mtu mmoja mwenye shoka anaweza kuumaliza porini siku moja. Ndiyo maana umeenea sana Tabora, Katavi na Kigoma, na tena kaskazini-magharibi mwa Zambia, pande za Mwinilunga na Kabompo, ambako asali ya mizinga ya maganda imeuzwa mpaka Ulaya.

Lakini una ubaya wake. Unaoza baada ya miaka michache tu. Na kuvuna asali ndani yake ni kazi ya kubomoa: masega ya asali na ya watoto wa nyuki yako pamoja, na mvunaji asiye makini anamaliza kundi lote.

Wengine duniani wamefanya nini?

Kwetu Kongo, mafundi wanaojulikana zaidi kwa masanduku ya ganda ni Wamangbetu na Wazande wa Uele, kaskazini-mashariki. Walikunja ganda kuwa sanduku refu la mviringo, wakaliwekea kitako cha mbao, na juu kifuniko kilichochongwa kichwa cha mtu chenye nywele zilizosukwa kwenda nyuma. Ndani waliweka mapambo, vitu vya thamani ao asali. Watafiti Herbert Lang na James Chapin walizunguka kule kati ya mwaka 1909 na 1915, na vitu vingi walivyokusanya viko leo katika jumba la makumbusho la historia ya viumbe, New York. Kwa hiyo mjukuu wa fundi wa Isiro akitaka kuona kazi bora za babu yake, anatafuta viza ya Marekani. Hilo nalo ni jambo la kufikiria.

Uganda wana mbugu. Ganda la mti wa mutuba, aina ya mkuyu, linachunwa wakati wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mti mpaka linakuwa kitambaa. Halafu fundi anafunika jeraha la mti kwa majani ya migomba. Ule utando wa ndani haukauki, unazaa ganda jipya, na mti unaweza kuchunwa tena, mwaka kwa mwaka. UNESCO iliutambua ufundi huo wa Buganda mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Miti ya jamii hiyo ya mkuyu inapandwa hata Kivu, kwenye lupango na mipaka ya mashamba.

Twende mbali zaidi, mpaka Siberia, kaskazini-mashariki ya Urusi. Kule wanaishi Wayakuti, ambao wenyewe wanajiita Sakha. Ni wafugaji wa ng'ombe na farasi katika nchi ambayo wakati wa baridi inashuka chini ya nyuzi 50 za sifuri. Vyombo vyao vya maziwa vimetengenezwa kwa ganda la mti unaoitwa betula, ganda jeupe kama karatasi, na kushonwa kwa nywele za mkia wa farasi. Bakuli lao fupi la kuachia maziwa yatoe mafuta linaitwa chabychakh. Maziwa hayavuji, juu ganda la nje la mti huo lina mafuta ya asili yanayokataa maji.

Na hapa kuna somo kubwa kwetu. Fundi wa Yakutia anachuna mwanzoni mwa kiangazi chao, mwezi wa sita, na anachukua tabaka la nje tu. La ndani analiacha. Njia ya chakula haikukatwa, kwa hiyo mti unaendelea kuishi. Fundi wa Buganda anachukua mpaka la ndani, lakini mti wake una nguvu ya kuzaa jingine, na yeye anausaidia kwa kuufunga jeraha. Fundi wa miombo anachukua la ndani, kuzunguka mti wote, na anaondoka. Mafundi ni watatu na kazi ni moja, lakini mwisho wa mti ni tofauti.

Basi ufundi huu unaua msitu?

Kwa mti mmoja jibu ni ndiyo. Mzinga mmoja ni mti mmoja. Mfugaji mwenye mizinga hamsini amechuna miti hamsini, na mizinga ikioza anarudi kuchuna tena. Kwa sababu hiyo serikali ya Tanzania, yenye sera ya ufugaji nyuki tangu mwaka 1998 na sheria yake ya mwaka 2002, inawahimiza wafugaji watumie mizinga ya masanduku.

Lakini upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Kule Zambia wengi wanaojua kazi hii wanasema hivi: miti mingi ya miombo inachipua tena kwenye shina ikikatwa. Halafu mfugaji wa nyuki anahitaji msitu wenye maua kwa maisha yake yote. Yeye ndiye anazima moto wa nyasi, yeye ndiye anakataa wenzake wasikate kila kitu. Anachukua miti michache anayoichagua, na analinda mingi. Mtu wa makala yeye anafyeka eneo lote na kusonga mbele.

Tukipima pande zote mbili tunaona hivi: ganda peke yake halijamaliza msitu wowote tunaoujua hapa. Kinachomaliza ni mashamba mapya, makala, mbao na moto. Lakini msitu ukishakuwa mdogo, hata ile miti michache ya fundi inaanza kuhesabiwa. Kitu ambacho babu alikifanya bila madhara, pori lilipokuwa kubwa na watu wachache, mjukuu hawezi kukifanya namna ileile.

Ganda la dawa: onyo kutoka Kivu yenyewe

Kama mtu anadhani haya ni maneno tu, atazame biashara ya maganda ya dawa. Kivu inajua biashara hiyo tangu wakati wa ukoloni, kwa kwinini inayotoka kwenye ganda la kinkina. Huo ulipandwa katika mashamba, kwa hiyo uliovunwa ulirudishwa.

Tofauti ni kwa mti wa milimani ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Ganda lake linanunuliwa nchi za nje kutengeneza dawa ya ugonjwa wa tezi dume kwa wazee. Mti huo ni wa porini, na katika nchi nyingi za Afrika wachumaji waliuchuna kuuzunguka wote, ao wakaukata kabisa ili wafikie ganda la juu. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya mataifa inasimamiwa na mapatano ya CITES: haukatazwi, lakini unahitaji kibali.

Njia inayofundishwa kwa mti huo ni rahisi kukumbuka. Ugawe mzunguko wa mti sehemu ine. Chuna mbili zinazotazamana, acha mbili. Usichune mti mwembamba, usiguse mbao za ndani, na rudi baada ya miaka kadhaa jeraha likishafungika, ndipo uchukue zile mbili zilizobaki. Anayechuna hivi atavuna tena. Anayechuna mzunguko wote amevuna mara moja tu.

Sheria inasema nini?

Kanuni ya misitu ya Kongo ni Sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002. Inatambua haki ya wakaaji wa karibu na msitu kuchukua wanachohitaji kwa matumizi ya nyumbani kufuatana na desturi, mradi wafuate sheria. Kuchuma kwa ajili ya kuuza ni jambo lingine, linahitaji ruhusa. Ndani ya hifadhi, kama ile ya Itombwe iliyotangazwa mwaka 2006, masharti ni makali zaidi. Kabla ya kuchuna, uliza kwanza ofisi ya mazingira na wakubwa wa kijiji.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake uandikwe kwa jina lake. Unaitwa msitu wa jamii, na unaweza kufika hekta 50,000. Jamii yenye msitu wake ndiyo inapanga nani achune, wapi, na miti mingapi. Bila mpango huo, kila mmoja anafikiri: nisipochuna mimi, mwingine atachuna kesho.

Tunaweza kufanya nini hapa Fizi?

Hatusemi watu watupe bido. Kwa maji na mawese bido ni chombo kizuri, ikiwa tu haikuwekwa dawa ya mashamba ndani yake. Bido iliyobeba dawa haioshwi ikawa safi, hata kwa sabuni na mchanga. Hiyo usiweke chakula wala maji.

Lakini kuna mambo ine ambayo hayahitaji pesa.

La kwanza, tumia ganda la mti ambao tayari unaanguka. Kila msimu watu wanafungua mashamba, wanakata miti ya makala na mbao, na ganda linachomwa ao linaachwa lioze. Mti ukikatwa wakati wa mvua, ganda lake linatoka vizuri siku ileile. Kwa hiyo fundi na mkataji wakiongea mapema, chombo kinapatikana bila mti mwingine kufa. Hii ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote.

La pili, ukichuna mti uliosimama, usizunguke wote. Kipande cha upande mmoja kinatosha kifuniko, kitako, kamba na kilindo kidogo cha mbegu.

La tatu, kwa nyuki, anza na sanduku la mbao kama unaweza. Kama huwezi, mzinga wa ganda la mti ulioanguka unafaa kuanzia. Ukishauza asali ya kwanza, nunua mbao.

La ine, chombo chochote utakachotumia, kausha nafaka kwanza. Mahindi yenye maji yanaota ukungu, na ukungu mwingine una sumu ambayo kupika hakuiondoi. Jaribu hivi: chukua chupa kavu, tia punje kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka chini yote, unaweza kuyaweka. Kilindo kinapumua, lakini hakifanyi muujiza.

Ufundi unaokimbia na watu

Kuna hasara moja ambayo haihesabiwi wakati watu wanakimbia. Tunahesabu nyumba zilizochomwa, ng'ombe, mbuzi na mashamba. Hatuhesabu kijana ambaye alipaswa kwenda porini na babu yake msimu ule wa mvua, akajifunza kusikia kwa sauti ya shoka kama ganda limeachana na mbao. Kijana huyo alikulia kambini, ambako chombo kilikuwa bido ya msaada. Babu alifia kule. Kijana amerudi kijijini, ameukuta mti, lakini hajui kuuanza.

Ufundi wa namna hii haukuandikwa. Ulikaa mikononi. Mikono ikizeeka bila mwanafunzi, hakuna kitabu cha kuurudisha.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wasomaji na wasikilizaji wetu, kutoka Baraka, Fizi, Mboko, Lulimba, Ubwari na kule milimani. Kama nyumbani kwenu kuna mzee, baba ao mama, anayejua kuchuna, kukunja na kushona ganda, kaeni naye msimu huu wa mvua unapoanza. Mwulize mti gani, mwezi gani, na jina la chombo katika lugha yake, iwe Kibembe, Kibuyu, Kifuliiru, Kinyamulenge ao nyingine. Mpige sauti yake kwa simu. Kisha mlete hapa redioni, yeye mwenyewe ao sauti yake, tuisikie pamoja. Na kama bado kuna kilindo kimoja kimejificha darini kimejaa vumbi, tafadhali msikiwashie moto. Kitoeni nje, mkipanguse, muwaonyeshe watoto.